Kisanduku cha Mkalanzi

Nilimwahidi Mama Skolastika kwamba hatalazimika tena kuandika joto la friji ya chanjo kwa mkono. Nilisema hivyo nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha chanjo huko Mkalanzi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kati ya Ikola na Karema, huku nikikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku cheupe ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwezi wa nne tangu nitoke chuoni, na niliamini kila neno nililolitamka. Mwezi uliopita tulimzika mama huyo Karema. Nilifika msibani asubuhi, nikakaa ukingoni mwa turubai karibu na akina mama waliokuwa wakichambua mchele, na bila kukusudia nikasikia mazungumzo yao. "Mimi huyu nesi alinifuata mpaka shambani," mmoja alisema. "Nalima, namwona huyo anakuja na boksi lake la barafu begani, jasho linamtoka. Eti, lete mtoto nimchome tena. Nikamwambia, we mama, mtoto si ulishamchoma? Akasema, nilimchoma maji." Mwenzake akacheka kidogo, kicheko cha msibani kisichofika mbali. "Na kwetu alisema hivyo hivyo. Nilimchoma maji, nisamehe." Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, peke yangu. Maji yale niliyafanya mimi, na mwanamke yule aliomba radhi nyumba kwa nyumba kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Mwaka ule nilikuwa nikifanya kazi katika mradi mdogo uliokuwa na chumba kimoja Mpanda mjini. Kilikuwa na meza ndefu ya mbao, feni iliyozunguka kwa kulalamika na dirisha lililotazama banda la mama lishe ambaye saa nne alituletea chapati na maharage. Juu ya meza ile nilipanga visanduku vitano. Kila kimoja kilikuwa kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye waya unaoingia ndani ya friji ya chanjo kupima joto. Kazi yake ilikuwa kupeleka kipimo kila robo saa kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa mbali, na joto likipanda au kushuka kupita mpaka, kompyuta ile kubwa humtumia muuguzi ujumbe kwenye simu. Kabla ya hapo wauguzi walisoma kipimajoto asubuhi na jioni, wakaandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Niliziona chati zile kuwa mzigo wa dhuluma. Mama Skolastika alikuwa muuguzi pekee wa zahanati nzima; alizalisha, alishona majeraha, aligawa dawa, kisha akatakiwa kusimama mbele ya friji na kalamu. Chuoni tulifundishwa kwamba teknolojia ni deni ambalo msomi anamlipa mwanakijiji aliyelima ili yeye asome. Nililichukua somo hilo kwa uzito wote wa ujana, na bado sidhani lilikuwa somo baya. Nilichokosa ni subira ya kulitimiza hadi mwisho.

Lazima nieleze kosa lenyewe, na nitalieleza bila kujificha nyuma ya ufundi. Kompyuta zote mtandaoni hutambuana kwa namba, ila sisi binadamu huandika majina. Kwa hiyo kila kifaa hupewa anwani ya kompyuta moja ya kuiuliza: jina hili, namba yake ni ipi? Mafundi huiita DNS. Ofisi yetu ya Mpanda ilikuwa na DNS yake yenyewe, na pia ilikuwa na proksi, yaani kompyuta inayosimama mlangoni na kupeleka maombi ya wote nje kwa niaba yao. Bila kupitia kwake hakuna kilichotoka. Ili visanduku vifanye kazi pale mezani, niliandika anwani zote mbili za ofisi katika kumbukumbu yao ya kudumu. Sehemu hiyo ilikuwa imefungwa kwa makusudi ili umeme ukikatika isiharibike. Kuiandika upya kulihitaji kuifungua, kubadilisha, kuifunga, kuzima kifaa, kukiwasha na kukisubiri hadi kipeleke tena kipimo. Ni kazi ya dakika ishirini hivi. Mezani Mpanda niliifanya mara tano bila kuchoka.

Siku ya kufunga kisanduku Mkalanzi ilikuwa siku ya kliniki, mwishoni mwa kiangazi, joto limekaa juu ya bati kama mtu. Akina mama walijaa kwenye benchi na chini ya upenu. Miongoni mwao alikuwapo Minza, mke wa mfugaji aliyehamia pale na ng'ombe kutoka kaskazini, na mapacha wake wa wiki sita, Kulwa na Doto, waliokuja kwa sindano yao ya kwanza. Alisimama mlangoni akinitazama nikitoboa ukuta. "Fundi," aliniita, "hicho kitu chako kinaweza kuniambia Kulwa ni yupi? Maana baba yao mwenyewe hawajui." Benchi lote likaangua kicheko. Mama Skolastika, aliyekuwa akivuta dawa kwenye sindano, alisema bila kugeuka: "Acha kumchanganya mtoto wa watu, atatoboa friji." Kisha akanigeukia mimi. "Kwani hicho kisanduku kinaongea na nani?" Nilimwambia kinaongea na Dar es Salaam. "Dar!" alisema. "Mimi niko hapa, hatua mbili. Si kingeongea na mimi kwanza?" Nilicheka pamoja nao. Leo nayakumbuka maneno yale kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani, kwa kuwa yalikuwa pendekezo sahihi la kitaalamu, nami niliyachukulia kama mzaha.

Nilipoweka laini ya simu ndani ya kisanduku, ilishika mtandao mara moja na taa ya kijani ikawaka. Lakini vipimo havikutoka, kwa kuwa kifaa kilikuwa bado kinaiuliza ofisi ya Mpanda. Nilichomeka kompyuta yangu, nikaandika DNS ya kampuni ya simu, nikaondoa proksi. Mabadiliko hayo niliyaandika katika kumbukumbu ya muda tu, ile inayofutika umeme ukizimika, kwa sababu nilitaka kwanza nione kama yanafaa. Yalifaa. Tulipochomoa waya kwenye friji makusudi ili joto lionekane limepanda, simu ya Mama Skolastika ililia mfukoni mwa gauni lake, akausoma ujumbe kwa sauti, na akina mama wakapiga makofi. Mzee Bukuru, mhudumu wa zahanati, mkimbizi wa zamani aliyekwisha kuwa Mtanzania na aliyefagia ua ule tangu jengo lilipokuwa la udongo, alikuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakati huohuo dereva wetu, Deus, alipiga honi nje: wingu lilikuwa limepanda upande wa milima, na alitaka tuvuke korongo kabla ya mvua. Dakika ishirini zile nilizihitaji, nami nilijua nazihitaji. Nilijiambia nitazimalizia nikirudi.

Kabla ya kuondoka tulilishwa ugali na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa lile, chumbani kwa Mama Skolastika, kwa haraka, Deus akila amesimama. Mama alilalamika kwamba kwa joto lile friji ilikuwa inapanda hadi mpakani, hivyo ameizungusha swichi yake hadi kwenye baridi kali. Nilimwambia amefanya vyema. Kisha nikaenda mlangoni mwa friji, nikaibandua chati. Gundi ilitoka na rangi. "Na hii?" aliuliza. "Hii nitaiacha kweli?" Ndipo nikarudia ahadi yangu, na nikaongeza sentensi ambayo hadi sasa hunifanya nikose hamu ya chakula: "Mama, simu ikinyamaza, ujue friji iko salama." Nikachukua na kile kipimajoto cha zamani kilichoning'inia ndani, nikakiweka kwenye droo, ili waya wangu upate nafasi.

Wiki kumi baadaye, mvua zikiwa zimeshika, nilikuwa ofisini nikiandaa picha za ripoti. Kwenye kompyuta kila zahanati ilikuwa na duara lake, na duara la Mkalanzi lilikuwa la kijani. Deus alisimama nyuma yangu akisubiri funguo za gari. "Kaka," alisema, "hiyo tarehe hapo chini mbona ya siku ile tuliyotoka kule?" Nilitazama. Kipimo cha mwisho kutoka Mkalanzi kilikuwa cha usiku uleule tulioondoka. Duara lilibaki kijani kwa sababu kipimo kile cha mwisho kilikuwa kizuri, na mimi ndiye niliyeupanga mfumo hivyo: ulipewa amri ya kulia ukisikia habari mbaya, haukupewa amri yoyote iwapo hausikii kitu. Nilipiga simu ya Mama Skolastika mara sita, haikupatikana. Nilijaribu kukifikia kisanduku kutoka Mpanda, jambo la kipumbavu, kwani kifaa kisichoweza kutoka hakiwezi pia kufikiwa. Deus alichukua koleo na kamba, akawasha gari.

Tulilala njiani, gari limezama hadi ekseli, na tulifika asubuhi ya pili, siku ya kliniki nyingine. Niliingia na matope hadi magotini. Mama Skolastika alikuwa ameinama juu ya paja la mtoto, sindano mkononi. "Mama, simamisha," nilisema. "Nisimamishe nini?" "Sindano. Zote." Benchi likapaza sauti. "Tusimamishe nini, sisi tumetoka usiku!" "Huyu si yule fundi wa kisanduku?" "Nyie, hebu mwacheni aseme, ameona nini?" Mama aliirudisha sindano kwenye trei polepole sana, kama kitu kinachoweza kulipuka, akamfunika mtoto, akamwambia mama yake asubiri. Tulifungua friji. Nyuma ya kapu la chini, ukutani, barafu nyembamba ilikuwa imeota. Joto la kiangazi lilikuwa limekwisha, mvua zimepoza jengo, na swichi ilikuwa palepale kwenye baridi kali. Nilitoa kipimajoto cha zamani kwenye droo, nikakiingiza ndani. Tulisubiri tukiwa tumechuchumaa bega kwa bega. Kilishuka chini ya sifuri kikatulia hapo.

Alinieleza kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mwanafunzi wa uuguzi. Chanjo ya surua na ya matone zinavumilia barafu. Ile ya sindano ya pajani, anayopewa mtoto mara tatu na ambayo wao huiita penta, ikiganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. "Yenyewe ndiyo inakaa kapu la chini," alisema. Ipo njia ya kuthibitisha. Alichukua chupa moja, akampelekea mwenye duka la samaki aigandishe hadi iwe jiwe. Kesho yake asubuhi aliileta ikiwa imeyeyuka, akaishika mkono mmoja pamoja na chupa nyingine kutoka friji yetu, akazitikisa zote mbili kwa nguvu, akaziweka mezani kwenye mwanga wa dirisha. Mimi, Deus na Mzee Bukuru tulisimama tukitazama. Chanjo nzima hubaki kama maziwa kwa muda mrefu. Ile iliyogandishwa ilianza kushusha machicha meupe hadi chini, juu pakabaki maji. Tuliitazama ya pili. Niliomba kimya, kwa maneno ya utotoni ambayo sikuwa nimeyatumia miaka mingi. Ya pili ilishusha machicha vilevile, kwa mwendo uleule.

Nilikichunguza kisanduku. Kilikuwa kizima, taa yake ya kijani inawaka, maana taa ile ilisema tu kwamba laini imeshika mtandao. Lakini anwani ndani yake zilikuwa zile za ofisi. Kilikuwa kimezimika na kuwaka, si mara moja, bali karibu kila siku, na kila kilipowaka kilirudi kwenye kumbukumbu yake ya kudumu na kuanza kuiuliza njia ofisi iliyokuwa mbali nacho kwa safari ya siku nzima. Kilikuwa kimehifadhi vipimo vya siku mbili tu, vyote chini ya sifuri. Kwa nini kilizimika? Mzee Bukuru alivua kofia. Friji ina sola yake, lakini betri ya kisanduku ndiyo betri ya zahanati, alisema, na kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa huleta taa zao hapo alasiri azichaji, nao kwa malipo hayo humbeba bure kwa boti hadi Karema mama yeyote aliyeshindwa kujifungua. Alipochaji taa, betri iliisha kabla ya jua kuchomoza. "Fundi, basi ni mimi," alisema. "Mimi ndiye nimeua hizo chanjo." Dakika chache kabla, mkuu wangu alikuwa ameniuliza kwenye simu swali moja tu: nani aligusa umeme? Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu, limevua kofia, tayari kubeba kila kitu. Nilikaa kimya. Sijui ni sekunde ngapi, lakini zilitosha Mama Skolastika kunitazama, na zilitosha mimi kujifahamu kwa namna ambayo sikuwahi kujifahamu.

"Si wewe, mzee," nilisema hatimaye. "Kifaa hiki kinapaswa kuzima na kuwaka mara elfu bila kupoteza njia. Mimi sikukiandikia njia ya hapa. Niliiweka juujuu, nikaondoka."

"Kwa hiyo kilisahau," alisema Mama Skolastika.

"Hakikusahau, mama. Kilikumbuka Mpanda."

Nilianza kulia. Alinisukumia kiti. "Lia haraka," alisema, "nina wagonjwa nje. Halafu chukua kalamu."

Tulifungua daftari la kliniki. Laiti chati ingekuwapo mlangoni, tungejua siku ambayo joto lilishuka, na tungewahesabu watoto wa kuanzia siku hiyo. Hapakuwa na chati. Ilitubidi tuwahesabu wote waliochomwa penta tangu nilipoondoka: watoto kumi na tisa. Deus alirudi Mpanda kuleta chanjo mpya. Mimi nilibaki, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa zile dakika ishirini. Nazo zilikuwa kweli ishirini, na kisanduku kikapeleka kipimo, na hakuna aliyepiga makofi. Kisha, kwa wiki tatu, nilimfuata Mama Skolastika kwa miguu, kwa boti na kwa pikipiki ya kukodi, nimebeba boksi la barafu pale aliponiruhusu. Kila mlango alianza yeye. Nilimsihi aniache niseme ni mimi. "Wewe hawakujui," alijibu. "Mimi ndiye waliyenipa mtoto wakageuza uso." Wapo waliomfokea. Baba mmoja Ikola, mikono imejaa magamba ya dagaa, alikataa mwanawe asiguswe tena, tukarudi kwake mara nne hadi akakubali. Mama Skolastika aliandikiwa barua ya onyo kwa kutokuwa na chati. Niliandika maelezo ya kurasa tatu kwamba niliibandua mimi, nikayapeleka kwa mkono, na barua haikufutwa.

Tuliwapata kumi na saba. Wawili waliobaki ni Kulwa na Doto. Minza aliwaleta kwa sindano ya pili na ya tatu siku zilezile alizopangiwa, katika mvua, na kadi zao zikajazwa. Tulipofika walipokuwa wamejenga, tulikuta boma la miiba liko wazi na majivu yaliyokwisha kunyeshewa. Walikuwa wamehama na ng'ombe. Namba ya simu iliyoandikwa daftarini haikuwahi kupatikana. Katika kijiji cha Magamba tulimkuta mzee aliyenunua ndama wao. Alisema mwanamke mwenye mapacha alipita hapo, mwenye kucheka sana, na walikuwa wakienda, kwa alivyosikia, upande wa bonde la Rukwa, au labda Tabora. Nilikwenda pande zote mbili, likizo baada ya likizo, minadani ambako wafugaji hukutana, nikiuliza. Mama Skolastika naye aliuliza kila mama aliyeingia zahanati na ng'ombe nyuma yake, hadi alipostaafu na hata baadaye, akiwa kitandani. Sasa hayupo, na mimi peke yangu sitoshi. Kinachonitisha ni kadi zile. Mtoto asiye na kadi, muuguzi humshughulikia. Mtoto mwenye kadi iliyojaa hupitishwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama unamfahamu Minza, mke wa mfugaji, aliyewahi kuishi Mkalanzi kando ya ziwa na mapacha wake Kulwa na Doto, ambao sasa wamefikia umri wa kwenda shule, tafadhali mfikishie maneno haya: awapeleke kituo chochote cha afya kilicho karibu naye, na amwambie muuguzi kwamba sindano ya pili na ya tatu kwenye kadi zao zisihesabiwe.